Upeo wa Macho Ni Ijumaa

Rwekaza alikuwa na ugonjwa ambao hakuna zahanati Mwanza nzima iliyokuwa na dawa yake: alipenda maneno makubwa. Watu wengine wakichoka husema wamechoka. Yeye aliishiwa na nguvu za mwili. Wengine wakila husema wameshiba, yeye alikuwa ametosheka na mlo. Pale kiwandani Nyakato, kulikoshonwa maturubai ya malori na mahema ya shule, wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Kamusi. Mtu mwenye akili angeshtuka kidogo akisikia anaitwa hivyo. Rwekaza alilifurahia, akawa anaitikia.

Alikuwa karani wa utumishi, Mhaya wa Kamachumu, umri miaka thelathini na minne, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Kamusi yenyewe aliiweka mezani upande wa kulia, na muhuri wa kiwanda upande wa kushoto, na kati ya vitu hivyo viwili ndipo yalipotoka matangazo yote.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na tano, siku zile ambazo kila kilichokuwa cha serikali kilikuwa kimeuzwa, kinauzwa, au kimekaa kinasubiri mnunuzi. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na huku nyuma watu wakagombania vichwa na mifupa. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, mitumba imeingia, kila mtu anasema ruksa, ruksa, na hakuna aliyejua kesho ataamkia wapi. Kiwanda cha maturubai nacho kikauzwa. Wenye mali wapya hawakuonekana kwa macho. Walileta meneja tu, Bwana Nkwabi, Msukuma wa Magu aliyesoma Uingereza miaka sita akarudi na Kiingereza cha puani.

Jumatatu ya tarehe tano Juni, Bwana Nkwabi alimwekea Rwekaza karatasi mezani.

“Weka kwa Kiswahili, ubandike getini leo leo.”

Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. Kiingereza kile kilisema kwamba upunguzaji wa wafanyakazi uko kwenye horaizoni, na wanaotaka kubaki wajiandikishe mapema. Basi. Waingereza wakisema jambo liko kwenye horaizoni, wana maana kwamba linakuja, limeshaonekana, funga kamba za viatu. Mtu mwingine angeandika: Jamani, watu watapunguzwa karibuni, njooni muandikishe majina. Rwekaza aandike hivyo? Thubutu! Alifungua kamusi, akashuka na kidole, akalipata neno lenyewe, akalitazama kwa mahaba kama mtu aliyeona mchumba. Kisha akapiga chapa:

“Kwa kuwa upunguzaji wa wafanyakazi umo katika upeo wa macho, wenye nia ya kubaki wanahimizwa kujiorodhesha mapema katika ofisi ya utumishi.”

Alipiga muhuri, akatia saini, akasoma mara tatu. Bwana Nkwabi naye alisoma, akatabasamu, akasema sawa. Tangazo likabandikwa.

Zikapita siku tisa. Kati ya wafanyakazi mia moja sitini na tatu, waliofika kuandika majina walikuwa thelathini na mmoja. Rwekaza alishangaa, kisha akakasirika. Alimwambia mkewe kwamba watu wa Mwanza ni wazembe, wanataka wabembelezwe hata kwenye riziki yao wenyewe. Haikumpitia kichwani, hata kwa bahati mbaya, kwamba mzembe alikuwa mwingine.

Jumatano ya wiki ya pili alikwenda kantini kunywa chai, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akakuta kicheko. Katikati ya kicheko alikaa Luhende, fundi wa mitambo, mtu wa kifua kipana aliyevua samaki miaka saba huko Kayenze kabla ya kuacha maji na kushika spana.

“Mimi huo upeo wa macho naufahamu kuliko aliyeuandika,” Luhende alikuwa anasema. “Unatoka Kayenze alfajiri, unauona ule pale. Mstari umenyooka, maji yamegusana na mbingu. Unapiga kasia. Unapiga kasia. Jua linapanda, mgongo unauma, upeo wa macho uko pale pale! Miaka saba nimeufuata, sijaukanyaga hata siku moja. Sasa kama kupunguzwa kwetu wamekuweka huko, ndugu zangu, mimi nitastaafu kabla hakujafika.”

Watu wakapiga meza. Rose, mama wa chumba cha kukatia, akasema hapana, Luhende hajui Kiswahili. “Padri Jumapili katuambia msalaba ndio upeo wa upendo. Upeo ni kileleni, mwisho kabisa, hakuna kingine juu yake. Yaani upunguzaji umefika mwisho, umekwisha. Ndiyo maana wanasema anayetaka kubaki abaki.”

“Na hiyo ya kujiorodhesha?” aliuliza mmoja.

“Mtego huo,” Luhende alijibu. “Wanataka kujua waoga ni akina nani.”

Kikombe cha Rwekaza kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo. Lilikuwa neno lake, neno alilolichagua mwenyewe kwa kidole chake, na kila mtu mle ndani alikuwa amelielewa vizuri sana kwa Kiswahili. Ni yeye tu aliyekuwa amelielewa kwa Kiingereza.

“Mama Kashindye naye anasemaje?” aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

“Yule kachukua likizo,” alijibu mmoja wao. “Yuko kwa kaka yake Bujora, anavuna pamba. Kasema upeo wa macho ukikaribia tumpelekee salamu.”

Wakacheka tena. Rwekaza aliacha chai yake ikiwa nzima, akatoka.

Ni vizuri ieleweke huyu Mama Kashindye ni nani. Miaka minane nyuma, Rwekaza alishuka kwenye meli ya Bukoba na sanduku la mbao na cheti cha kidato cha nne, hana ndugu, hana pa kulala. Mama Kashindye, mjane wa Kisukuma, mshonaji wa mashine ya nne, alimkuta amekaa getini siku ya tatu mfululizo akiomba kazi. Akamchukua. Miezi saba alilala chumbani kwa watoto wake, akala viazi vyake na kunung'unikia ndizi za kwao, na mama yule akamcheka, akamwongezea viazi. Ni yeye aliyekwenda kwa meneja wa wakati ule akasema, “Kijana huyu anajua kuandika, msimpoteze.” Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu kwenye mashine ile ile, na wajukuu watatu waliomtegemea yeye na Mungu.

Rwekaza alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nkwabi. Hakukaa alipoambiwa akae.

“Bwana Meneja, tangazo limeeleweka vibaya. Kosa ni langu. Watu wanadhani jambo liko mbali, wengine wanadhani limekwisha. Naomba nibandike jingine.”

Bwana Nkwabi aliweka kalamu chini. “Nani kakuambia ni kosa?”

“Hawajiandikishi.”

“Naona. Nilipoliona neno lako siku ile nilicheka peke yangu. Mimi nimekulia Magu, Rwekaza. Unadhani sijui mkulima akisikia upeo wa macho anafikiria nini?” Alivuta droo, akaifunga. “Daftari linafungwa keshokutwa, Ijumaa, saa kumi alasiri. Wenye mali wanahitaji watu tisini. Sheria inasema aliyejiandikisha tumpime kwa miaka yake ya kazi, wenye miaka mingi ndio wabaki kwanza. Asiyejiandikisha kaondoka kwa hiari yake. Wakibaki hao thelathini, sitini tunachukua vijana wapya, macho makali, mikono myepesi. Neno lako limetusaidia.”

“Lakini hawajui kama ni Ijumaa!”

“Tangazo liko ukutani. Lina muhuri na saini yako, si yangu. Hutabandika jingine.” Kisha akalegeza sauti, akamtazama Rwekaza kama anavyotazamwa ndugu mdogo aliyefaulu mtihani. “Wewe una upeo, Rwekaza. Unaona mbali. Watu wenye upeo ndio tunaowataka hapa. Wewe usiwe na wasiwasi kabisa.”

Aibu iliyoje! Sifa ile ilimpendeza. Alitoka ofisini akiwa na hofu na kifua kimevimba kidogo, vyote viwili kwa pamoja, na alipojigundua kwamba kifua kimevimba alitamani kujizaba kofi.

Jioni, nyumbani kwake Pasiansi, hakuweza kukaa. Aliingia ndani, akatoka. Alipanda juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, akashuka. Ziwa lilikuwa pale chini, tulivu, na ule mstari wake huko mbele, naye hakutaka hata kuutazama. Mkewe Felicitas, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anasahihisha madaftari kwenye baraza.

“Kaa chini, Baba Jonathan, unanitia kizunguzungu.”

Akakaa, akasimama, akamweleza yote akiwa amesimama. Felicitas alisikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu mkononi.

“Ukiwaambia, utafukuzwa,” alisema. “Mimi naogopa, sikufichi. Nyumba hii tumehamia mwezi wa tatu. Mshahara wangu unaujua.”

“Najua.”

“Basi mbona unaniangalia hivyo? Unataka nikuambie nyamaza? Siwezi kusema.” Alisahihisha hesabu moja, akakosea yeye mwenyewe, akafuta. “Siku ya harusi yetu, mama yako alipokosa meli Bukoba, nani alikaa kwenye kiti chake kanisani?”

“Mama Kashindye.”

“Usiniulize tena, tafadhali.”

Alhamisi asubuhi kiti cha ofisini kilikuwa na miiba. Rwekaza alipanga faili zilizokuwa zimepangwa. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Kila aliposikia nyayo za Bwana Nkwabi kwenye korido, alishika kalamu na kujifanya anaandika. Saa sita king'ora kilipolia alikuwa wa kwanza kufika kantini, na kabla moyo haujambadilikia alipanda juu ya benchi.

“Ndugu wafanyakazi,” alianza, “kwa mnasaba wa tangazo lililotolewa tarehe tano mwezi huu, na kwa kuzingatia tafsiri mbalimbali zilizojitokeza miongoni...”

“Kamusi, shuka, tunakula!” alipiga kelele Luhende.

“Nisikilizeni! Kumejitokeza hali ya sintofahamu...”

“Sinto nini?”

Kicheko kikaenea. Mwiko mmoja ukagongwa kwenye sufuria. Rwekaza alisimama pale juu, jasho linamtoka, akitafuta maneno, na kila alilolipata lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Kisha akapasuka.

“Upeo wa macho ni Ijumaa!”

Kicheko kikakatika.

“Ni kesho! Saa kumi! Daftari linafungwa kesho saa kumi, na asiyeandika jina hana kazi. Nilikosea mimi. Waingereza waliposema huko, walikuwa na maana ni hapa mlangoni. Mimi nikalibeba neno, nikaacha maana yake. Kosa ni langu, jamani. Njooni muandike majina. Leo. Sasa hivi!”

Halafu Rose akasimama, sahani ikaanguka.

“Mpumbavu wewe!” alisema, na alikuwa analia. “Mimi nina watoto wanne. Siku kumi tunacheka hapa, siku kumi! Hukuwa na mdomo wa kusema karibuni?”

Watu walikuwa wamekwisha simama. Benchi zilipinduka. Walikimbia kuelekea ofisi ya utumishi na mikono yenye ugali, na foleni ikajaa korido, ikashuka ngazi, ikazunguka mpaka kwenye tangi la maji. Rwekaza aliandika. Jina, namba ya kazi, mwaka wa kuanza, halafu mwenyewe aweke saini au dole gumba. Bwana Nkwabi alitokea mlangoni, akaitazama foleni, akamtazama karani wake. Hakugomba.

“Endelea,” alisema taratibu. “Kazi yako ni kuandika.”

Rwekaza aliogopa sauti ile kuliko kama angepigiwa kelele. Lakini aliendelea. Mpaka jua linazama kidole chake cha kati kilikuwa na shimo la kalamu. Waliokuwa likizo walitumiwa watu kwa baiskeli: Igoma, Buswelu, Kisesa. Ijumaa asubuhi wakaendelea kuletwa mmoja mmoja, wengine na tope la mashamba miguuni. Wanne walikuwa mbali mno, Tabora na kwingineko, hakuna namna.

Saa sita mchana kijana aliyetumwa Bujora alirudi peke yake.

“Mama Kashindye kakataa,” alisema. “Nimemweleza, kakataa. Kasema, Lwekaza kaandika kwa muhuri kwamba jambo liko mbali. Lwekaza namjua mimi, hawezi kunidanganya. Wewe mtoto nani kakutuma?”

Rwekaza alifunga macho. Kisha akaenda kwa Bwana Nkwabi.

“Naomba ruhusa ya kumleta mtu mmoja.”

“Nenda. Daftari niachie mimi.” Bwana Nkwabi alitazama saa yake. “Saa kumi nafunga, awepo asiwepo.”

Baiskeli ilikuwa ya Luhende, Foniksi nzito isiyo na breki ya nyuma. Rwekaza hakuwa amepanda baiskeli tangu aoe. Aliipanda barabara ya Musoma akiwa na tai shingoni, malori yanampita na kumfunika vumbi, watoto wa Igoma wanamshangilia kama yuko kwenye mashindano. Mlimani alishuka akasukuma. Bondeni aliiachia, akaomba Mungu badala ya breki. Alihesabu dakika, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kisesa akauliza njia, akaoneshwa, akakata kuelekea Bujora na mapafu yakiwa yamekaukia kifuani.

Alimkuta shambani, kikapu kiunoni, pamba nyeupe mpaka kwenye nywele. Ilikuwa saa nane na robo.

“Lwekaza mwanangu! Umekuja kunisaidia kuvuna, na tai?”

“Shikamoo, mama. Panda baiskeli.”

“Marahaba. Kwanza unywe maji, unatetemeka.”

“Mama, hakuna wakati. Yule kijana alisema kweli. Ni leo, saa kumi. Usipoandika jina leo, huna kazi tena.”

Mama Kashindye alikitua kikapu. “Lakini nimesoma kwa macho yangu mwenyewe. Miwani nimevaa. Umeandika upeo wa macho.”

“Niliandika. Nilikosea.”

“Ulitaka kuandika nini?”

“Karibuni.”

“Karibuni?”

“Ndiyo, mama.”

Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. “Sasa hilo karibuni lilikuwa na ubaya gani?”

Rwekaza alikuwa amesafiri njia nzima akijitayarisha kuomba radhi, na kwa swali hili hakuwa amejitayarisha.

“Lilikuwa dogo,” alisema.

Mama Kashindye aliguna. Alifunga kanga yake vizuri, akampigia kelele kaka yake kwa Kisukuma aangalie pamba, akakaa kwenye keria ya baiskeli miguu upande mmoja. Alikuwa mama mwenye mwili, na Foniksi ile ililia. Njia nzima alimsema. Alimsema kwa ajili ya Rose, kwa ajili ya Luhende, kwa ajili ya wajukuu wake, na walipofika mlima wa Igoma alishuka akasukuma naye huku akiendelea kumsema. Rwekaza aliitikia kila neno. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, moyo unagonga masikioni, na bado alikuwa anatazama jua kila baada ya hatua tatu.

Waliingia getini saa kumi kasoro dakika nne. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, hakuna aliyekwenda nyumbani. Luhende aliwapokea, akamshika mama mkono, akawatimua watu koridoni: “Pisheni! Pisheni!”

Bwana Nkwabi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Rwekaza, daftari wazi mbele yake. Rwekaza aliinama akaandika jina, namba ya kazi, mwaka wa kuanza, mwandiko unapindapinda kwa kuhema, akamgeuzia mama daftari.

“Dole gumba, mama, haraka.”

“Dole gumba la nini? Nilisoma ngumbaru mimi.” Akashika kalamu. Akaandika herufi moja. Akapumzika. Akaandika ya pili. Mshale wa saa ya ukutani ulikuwa unasogea, korido nzima imeshika pumzi, na Mama Kashindye anazungusha a yake taratibu kama anashona pindo. Alipomaliza e ya mwisho aliitazama, akaongeza nukta.

Saa kumi kamili. Bwana Nkwabi alichukua rula, akapiga mstari chini ya jina lile, akatia saini, akagonga muhuri. Koridoni watu walipiga vigelegele. Rose alicheka na kulia. Luhende alimpiga Rwekaza mgongoni akasema, “Kamusi, leo umekuwa mtu,” na Rwekaza, ameegemea mlango, shati limechanika begani, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Hakuwa amewahi kujisikia hivyo maishani mwake. Alitamani Felicitas angekuwepo aone.

“Mia moja hamsini na nane,” alisema Bwana Nkwabi. “Kazi nzuri, karani. Na wewe uko namba ngapi?”

“Mimi?”

“Wewe.”

Rwekaza aliendelea kutabasamu kidogo, kwa mazoea. “Mimi... Bwana Meneja, ulisema nisiwe na wasiwasi.”

“Nilisema. Na kweli hukuwa nao, nimeona mwenyewe. Lakini jina silioni.”

Rwekaza alilivuta daftari. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mstari ulikuwa mwandiko wake. Luhende, mwandiko wake. Rose, mwandiko wake. Wapiga pasi, walinzi, mpishi wa kantini, majina mia moja hamsini na nane aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Alirudia tena kutoka mwanzo, kidole kinashuka. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

“Saa kumi na dakika mbili,” alisema Bwana Nkwabi. Alilichukua daftari, akalitia kwapani, akapita katikati ya watu. Nao walimpisha, maana hawakuwa wameelewa bado.

Mama Kashindye alielewa. Alikuwa bado ameshika kifuniko cha kalamu. Alimtazama Rwekaza usoni, na sauti yake, iliyomgombeza kutoka Bujora mpaka Nyakato, ilikuwa imeshuka kabisa.

“Mwanangu, kwani tangazo lile ulimwandikia nani?”

Koridoni bado walikuwa wanapiga vigelegele.

“Ninyi,” alisema Rwekaza.